Ugonjwa wa kapasita: kwa nini kompyuta nyingi za 2003 zilikataa kuwaka

Kompyuta kuukuu ya mezani ikikataa kuwaka, fundi huanza na waya, soketi na pawa saplai. Vyote vikiwa sawa, chomoa stima, fungua kile kisanduku tunachokiita sipiyu, uangalie karibu na prosesa. Utaona vikopo vidogo vimesimama wima kwenye bodi kuu. Hizo ndizo kapasita. Kama vichwa vyake vimevimba au vinatoa uchafu wa kahawia, umekutana na janga lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 likaendelea hadi karibu 2007.

Kapasita hutuliza umeme ili prosesa ipate volti zisizoyumba. Ndani mna alumini nyembamba na kimiminika. Kimiminika chenye maji mengi ni cha bei nafuu na hufanya kazi vizuri, lakini kikikosa kemikali ya kuyazuia, maji hushambulia alumini na kutoa gesi ya haidrojeni. Gesi ikijaa, kichwa huvimba, kisha hupasuka. Ukibonyeza kitufe, feni huzunguka kidogo halafu kimya.

Mnamo 2002 na 2003 ilienea hadithi ya wizi. Ilisemekana mwanasayansi alihama kampuni ya Japani akaenda China na siri ya kimiminika hicho, kisha wengine wakaipeleka Taiwan ikiwa nusunusu, bila ile kemikali ya kuzuia. Hadithi tamu, lakini haielezi kila kitu. Kapasita mbovu za Dell OptiPlex zilitengenezwa na Nichicon, kampuni ya Japani yenyewe! Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa matengenezo. Nyaraka za mahakama zilizofichuliwa 2010 zilionyesha kwamba angalau OptiPlex milioni 11.8, zilizouzwa kati ya Mei 2003 na Julai 2005, zilikuwa hatarini.

Sasa fikirini. Mashine hizi zilikufa baada ya miaka michache tu, umri uleule ambao maofisi ya ng'ambo huziuza kama mitumba. Hasara ikawaangukia wanunuzi wa mwisho: shule, saiba na wanafunzi. Hapa kwetu ni rahisi kulaumu stima inayopotea-potea, na mashine nzima ikatupwa kwa sababu ya kapasita ya bei ya chai na mandazi.

Fundi anayejua kulehemu anaweza kuzibadilisha. Mikrofaradi ziwe zilezile, volti zisipungue, ziwe za nyuzi 105 na za aina ya ukinzani mdogo, na upande wa hasi, wenye mstari, usigeuzwe. Ila pawa saplai usiifungue ovyo: kapasita zake kubwa zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Basi, kabla ya kuiita taka, ifungue uitazame. Tukutane tena.