Miaka 260 ya kumfundisha daktari wa mifugo

Sotoka ndiyo iliyowalazimisha Wafaransa kufungua shule ya kwanza ya udaktari wa mifugo. Katika karne ya 18 ugonjwa huo ulifyeka ng'ombe Ulaya nzima, na mwaka 1761 Claude Bourgelat, bingwa wa farasi, akapewa idhini ya kufungua shule mjini Lyon. Kabla yake mnyama mgonjwa alipelekwa kwa mhunzi au mchungaji mzoefu, na ujuzi ulirithiwa baba kwa mwana.

Shule ya pili ilifuata Alfort, karibu na Paris. Hapo mwalimu wa anatomia, Honoré Fragonard, alikabili tatizo ambalo kila mwalimu wa fani hii analijua: mzoga huoza kabla somo halijaisha. Akawa anajaza mishipa nta ya rangi na kuikausha miili, ili mwanafunzi aone kila mshipa ulikopita. Baadhi ya kazi zake zingalipo katika makumbusho ya Alfort.

Lakini mzoga, hata ukaushwe vipi, haumfundishi mtu kupima mimba ya ng'ombe aliye hai. Kazi hiyo hufanywa kwa kuingiza mkono wenye glavu ndefu kwenye puru na kupapasa kizazi kupitia ukuta wake. Mwalimu amesimama pembeni, haoni vidole viko wapi. Mwanafunzi naye hajui kama alichoshika ni kizazi, kibofu au kinyesi. Vizazi na vizazi vya madaktari walihitimu hivyo, kwa kubahatisha, na ng'ombe ndiye aliyeumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Sarah Baillie, daktari wa mifugo wa Uingereza, alitengeneza ng'ombe wa bandia akiwa Chuo Kikuu cha Glasgow. Ndani ya kiwiliwili hicho mna mkono wa mashine wenye kitu kama subana ya fundi cherehani. Mwanafunzi huchomeka kidole humo, na mashine humrudishia msukumo kana kwamba amegusa kiungo chenyewe. Mwalimu hufuata kidole hicho kwenye skrini na kuelekeza: kushoto kidogo, shuka, hapo hapo. Waliofunzwa hivyo walipopelekwa kwa ng'ombe hai walikipata kizazi mara nyingi kuliko wenzao. Kwangu mimi, hakuna hatua kubwa kuliko hiyo katika ufundishaji wa fani hii tangu siku za Fragonard.

Afrika Mashariki tuna shule za fani hii: Kabete tangu 1962, Makerere, na Morogoro tangu miaka ya 1970. Mashine kama ile ni ghali, lakini ngozi ya kujifunzia kushona kidonda au mshipa wa kujifunzia kuchoma sindano vinaweza kutengenezwa kwa kitambaa, sponji na mpira. Wakuu wa vyuo, tengeni chumba kimoja cha mazoezi, mkiache wazi jioni na wikendi, na mwanafunzi asimguse ng'ombe wa mfugaji kabla hajapitia humo.