Picha na Msemaji Wake

Mwaka 1935 kijiji cha Vugiri, milimani Usambara upande wa Korogwe, kilipata wageni wasiotarajiwa: watengeneza filamu. Mradi wao uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, na chimbuko lake lilikuwa kanisani. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, sehemu kubwa ya fedha ikatolewa na Carnegie Corporation ya New York, na serikali za kikoloni zikaunga mkono. Kazi ya kupiga picha aliachiwa Meja L. A. Notcutt, msimamizi wa mashamba ya mkonge ambaye tangu 1926 alikuwa amejaribu kuwaonyesha manamba wake sinema. G. C. Latham, mtu wa elimu, alishughulikia upande wa mafunzo.

Hadi mradi unafungwa mwaka 1937, filamu zipatazo 35 zilikuwa zimetengenezwa. Walioigiza walikuwa wenyeji, na mambo yenyewe yalikuwa ya maisha ya kila siku: safura, malaria ya watoto, kodi, kilimo cha chai. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta. Wafanyakazi wawili wanapokea mshahara. Mmoja anazifukia pesa zake kibandani na mwizi anazifukua, mwenzake anakwenda kuziweka posta. Mtazamaji wa siku hizi angeigundua kuwa ni tangazo la biashara kabla haijafika nusu.

Filamu hizo zilisafiri kwa lori lililobeba jenereta, projekta na kitambaa cheupe. Ziara ya kwanza ilipita Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Picha zilikuwa bubu, na sauti ilikuwa kwenye santuri iliyopigwa kando, kwa kuwa santuri moja ingeweza kurekodiwa Kiswahili, nyingine Kisukuma, nyingine Kiganda, bila kuigusa filamu yenyewe. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Barabarani, santuri na picha zilitakiwa ziende sambamba, jambo gumu kwa mitambo iliyokuwa imetoka kutikiswa mchana kutwa kwenye mashimo. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya kienyeji zaidi: kumpa mtu kipaza sauti awaeleze watazamaji wanachokiona, kwa lugha yao, papo hapo.

Huyo mtu wa kipaza sauti ndiye mhusika mkuu wa historia ya picha vijijini Afrika Mashariki, ingawa vitabu vingi vinampita. Mitambo ilibadilika mara nyingi baada ya Vugiri. Yeye alibaki.

Maofisa wa kikoloni walikuwa na maelezo yao kuhusu kwa nini msemaji alihitajika. Waliamini Mwafrika wa shamba hawezi kufuata picha zinazokwenda haraka, kwa hiyo Colonial Film Unit, iliyoanzishwa 1939, ikashikilia kwamba filamu zake ziwe za polepole, zisizo na hila za kamera. Hekaya ilizunguka maofisini kuhusu wanakijiji walioonyeshwa mbu mkubwa kwenye pazia wakajibu kwamba kwao hakuna mbu wa kimo hicho, basi hawana la kuogopa. Hakuna aliyejiuliza kama wanakijiji hao walikuwa wakitania. Zanzibar ilikuwa na jumba la sinema la Royal tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, na watu wa Unguja, Tanga na Dar es Salaam walikuwa wakilipa kwa pesa zao kutazama filamu za Kihindi na za Hollywood, wakazifuata vizuri tu, wakatoka wakiimba nyimbo zake.

Miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilijaribu tena, safari hii kwa filamu za hadithi za Kiswahili zilizotengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini. *Muhogo Mchungu* ilimhusu mtu wa shamba anayekumbana na ulaghai wa mjini. Nyota wake alikuwa mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii, kijana aliyekuwa pia akizunguka na gari la sinema: Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1962 kijana huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Nchi chache zinaweza kusema kwamba waziri mkuu wao alianza kufahamika na wananchi kwa kuigiza mshamba anayeonewa na wajanja wa mjini.

Hadithi hiyo ya mshamba na mji haikufa na ukoloni. Kampuni ya Filamu Tanzania iliirudia miaka ya 1970 katika *Fimbo ya Mnyonge*, isipokuwa sasa kijana aliyechoshwa na Dar es Salaam anapata jibu lake katika kijiji cha ujamaa.

Televisheni yenyewe ilisubiri. Kenya ilikuwa nayo tangu 1962. Zanzibar ikarusha matangazo ya rangi kuanzia mwaka 1973, ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Bara, Mwalimu Nyerere alikataa: ilikuwa anasa ya wachache wa mjini katika nchi ambayo watu wake wengi walikuwa vijijini, bila umeme. Wenye uwezo Dar es Salaam walipandisha antena ndefu kuelekea baharini wanase TVZ, televisheni ya Zanzibar. Uamuzi wa Mwalimu umelaumiwa sana, na ni kweli uliwanyima mafundi na waigizaji wa nyumbani miaka zaidi ya ishirini ya kujifunza kazi. Lakini kwa hesabu ya siku zile, redio ilikuwa inamfikia mtu wa Nachingwea na wa Ngara kwa betri chache tu.

Na redio ilifanya kazi. Kampeni ya *Mtu ni Afya* ya 1973 ndiyo mfano unaotajwa hadi leo kwenye vyuo vya elimu ya watu wazima duniani. Vikundi vilikutana kijijini, vikasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kisha kiongozi wa kikundi akafungua kitabu na mjadala ukaanza: maji ya kunywa, choo, mbu. Viongozi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na washiriki walifikia kama milioni mbili. Baada ya kipindi watu walitoka wakachimba vyoo. Kwa mara nyingine, kati ya chombo na wasikilizaji alikaa mtu, na pengine mafanikio ya kampeni ile yalitokana naye zaidi ya redio.

Makanisa yaliijua siri hiyo. Studio ya Sauti ya Injili ya Walutheri mjini Moshi ilirekodi vipindi vya Kiswahili kwenye tepu, tepu zikasafirishwa hadi Addis Ababa, na kutoka huko Radio Voice of the Gospel ikavirusha kwa masafa mafupi kurudi Afrika Mashariki. Mtu wa Machame alisikia sauti iliyorekodiwa kilomita chache kutoka kwake baada ya kuzunguka hadi Ethiopia. Mzunguko huo ulidumu tangu 1963 hadi Machi 1977, serikali ya Derg ilipokitaifisha kituo. Filamu ya mwaka 1979 ya maisha ya Yesu, iliyofuata Injili ya Luka, nayo ilipotiwa Kiswahili ilipelekwa vijijini kwa namna ileile ya Notcutt: gari, jenereta, kitambaa, uwanja wa shule. Baada ya picha mhubiri alisimama.

Kilichovunja utaratibu huo ni video. Baada ya 1985, biashara ya nje ilipolegezwa wakati wa Rais Mwinyi, deki za VHS ziliingia, na nyuma yake vikaja vibanda: mabati, mabenchi, televisheni moja iliyofungwa juu, na mtoto mlangoni anayekusanya pesa. Hakukuwa na misheni wala bwana maendeleo, na picha zilikuwa za mapigano kutoka Hong Kong au za mapenzi kutoka Bombay. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ikafungua mlango uliobaki. Mwaka 1994 zikaanza televisheni za CTN, ITV ya Reginald Mengi na DTV, na mwaka huohuo Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam likaanzisha Radio Tumaini. Televisheni ya taifa ilikuja baadaye, mwishoni mwa muongo.

Kijijini, televisheni ya kwanza mara nyingi ilikuwa ya mwalimu, mfanyabiashara au paroko, ikilishwa na betri ya gari. Nyumba yake ikawa uwanja wa umma. Kandambili zilijaa mlangoni, watoto walikaa sakafuni mbele, wazee kwenye viti, na mwenye nyumba akajikuta analisha watu ambao hakuwaalika. Waigizaji wa kikundi cha Kaole walipokuwa ITV, wenye simulizi nyumbani hawakukosekana: huyu ndiye aliyemtongoza mke wa yule, subiri umwone. Wasioelewa waliuliza, walioelewa walijibu, na wasiotaka kujua mapema walinung'unika.

Jumapili nayo ilipangwa upya. Kwaya zilizokuwa zikiuza kaseti zilianza kurekodi video, waimbaji wakiwa wamevaa sare, wakisogea kwa hatua moja mbele ya bustani au bahari, na vituo vikazitumia kufungulia matangazo ya asubuhi. Kipaimara na arusi zikapata mpiga video, taa zake na MC. Mchungaji aliyezoea kuwa mtu pekee anayetazamwa kanisani akajifunza kuhubiri huku kijana mwenye kamera akipita mbele yake.

Msemaji alirudi kwenye vibanda kwa njia ambayo Baraza la Misheni lisingeipenda. Dar es Salaam, Lufufu alijipatia jina kwa kuzungumza Kiswahili juu ya filamu za kigeni, akitafsiri, akiongeza, akikejeli waigizaji, na kanda zake zikauzwa hadi mikoani. Kampala wana ma-VJ kama Jingo, wanaofanya hivyo kwa Kiganda. Kenya wana DJ Afro, ambaye watu wengi wa vibandani humkumbuka hata pale wanapokuwa wamesahau jina la filamu. Mashabiki hawaendi kutazama filamu pekee. Wanakwenda kumsikiliza anayeisimulia.

Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na king'amuzi kikaingia kwenye orodha ya vitu vya kununua kabla ya sikukuu. Kufikia wakati huo wenye vituo walikwishatambua thamani ya sauti ya Kiswahili. Mwishoni mwa 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina, *Doudou na Mama Wakwe Zake*, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Ugomvi wa mke na mama mkwe huko Beijing haukuhitaji maelezo marefu Tandika wala Tukuyu. Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja tamthilia hiyo mbele ya hadhira, na mwaka 2016 kampuni ya televisheni ya Kichina StarTimes ikafanya shindano la kuwatafuta Watanzania wenye sauti nzuri, washindi wakaenda China kufanya kazi ya kuzungumza kwa niaba ya waigizaji wa huko.