Dawa za magugu ya ziwani: tuulize nini kabla ya kupulizwa?

Kila gugumaji linapofunga Ghuba ya Winam kule Kisumu, utawasikia watu wakiuliza mbona lisipulizwe dawa likaisha. Swali hilo latuhusu hata sisi wa Pwani. Ziwa Jipe, lililoko Taita Taveta mpakani na Tanzania, limezidi kubanwa na matete, na wako wavuvi na wafugaji wanaotegemea maji yale. Kwa hivyo nataka tuzijue dawa hizi: zinavyofanya kazi, zinakofaa na zinakodhuru.

Dawa si ya aina moja

Ziko dawa zinazopenya ndani ya mmea mpaka mizizini. Glaifoseti na 2,4-D ni za kundi hili. Hupulizwa kwenye majani yaliyo juu ya maji, na mmea hufa polepole. Nyengine, kama daikwati, huunguza pale zinapogusa tu. Matokeo yake huonekana upesi, lakini mmea wenye mizizi ndani ya tope huweza kuchipua tena. Ziko pia kama fluridoni, zinazochanganywa na maji yenyewe ili kuua magugu yaliyozama. Glaifoseti haifai kwa magugu yaliyozama, kwa sababu ikiingia majini huzimuka na kushikana na tope.

Jambo jengine ni kwamba dawa ya shambani isimwagwe ziwani. Baadhi ya dawa za glaifoseti za shambani zimetiwa kiungo mfano wa sabuni ili zinate kwenye majani, na kiungo hicho chaweza kuwadhuru samaki na viluwiluwi kuliko glaifoseti yenyewe.

Hatari iliyojificha

Mara nyingi samaki hawafi kwa sumu ya dawa, hufa kwa kukosa hewa. Magugu mengi yakifa kwa pamoja huoza, na kuoza huko hula oksijeni iliyomo majini. Ndiyo maana wataalamu hupuliza sehemu moja, kama thuluthi ya eneo, kisha wakangoja kabla ya kuendelea. Lebo ya dawa pia huweka muda wa kungoja kabla ya maji kunywewa au kumwagiliwa mimea. Kwa mji wenye mifereji mengine hilo ni jepesi. Kwa mama anayeteka maji ziwani kila asubuhi, siku chache tu ni mtihani.

Kuhusu afya ya binadamu, mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mamlaka ya mazingira ya Marekani haikukubaliana nalo.

Wenzetu wamepata nini?

Florida, Marekani, wamepuliza dawa kwa miaka mingi. Siri yao ni kupuliza kidogo kidogo kila mwaka, gugu lingali changa, bila kuacha. Hata hivyo, gugu la haidrila lilikuja kuizoea fluridoni, na Januari 2019 upulizaji ulisimamishwa kwa muda ili wananchi watoe maoni. Zimbabwe nayo ilitumia 2,4-D katika Ziwa Chivero miaka ya 1970, lakini gugumaji likarudi, kwa kuwa maji taka ya mjini yaliendelea kulilisha.

Katika Ziwa Victoria tegemeo kubwa lilikuwa fukusi kutoka Amerika Kusini, wadudu wanaokula gugumaji. Uganda iliwaachilia mwaka 1995, Kenya mwaka 1997. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 gugu lilikuwa limepungua sana, ingawa wataalamu bado wabishana ni kiasi gani kilitokana na fukusi na kiasi gani na hali ya hewa ya El Niño. Baada ya mvua za 2006 likarudi. Mbegu zake huishi miaka mingi ndani ya tope, na mbolea na maji taka bado yaingia ziwani. Ukipuliza eneo lote, fukusi nao hukosa chakula, na gugu likirudi halina wa kulizuia.

Jipe na sisi

Matete ya Jipe ni ya papa hapa, hayakuletwa na meli. Yamestawi kwa sababu mchanga unaoletwa na Mto Lumi umepunguza kina cha ziwa. Ukiyaua na mchanga ukabaki, yataota tena palepale. Ziwa hilo pia lina aina yake ya ngege, isiyopatikana kiasili nje ya bonde la Mto Pangani, na tayari imo hatarini kutoweka.

Sisemi dawa ni haramu majini. Gugu lingali dogo, mahali pasipotekwa maji, yaweza kusaidia. Lakini yeyote akija na pampu, tumuulize haya:

1. Ni gugu gani, na dawa hii imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu (PCPB) kwa matumizi ya majini?
2. NEMA imeidhinisha tathmini ya athari kwa mazingira?
3. Ni sehemu gani itapulizwa kwanza, na nani atapima oksijeni?
4. Watu na mifugo watakunywa wapi siku za kungoja?
5. Chanzo, yaani mchanga au maji taka, kitazibwa na nani?

Swali la tano ndilo husahaulika, na bila jibu lake tutanunua dawa kila mwaka na ziwa litazidi kuwa dogo.