Ngozi katika Hesabu ya Oksimita

Oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu bila sindano, imeaminiwa hadi tarakimu yake moja huamua nani awekewe oksijeni na nani aruhusiwe kwenda nyumbani. Nadai kwamba tarakimu hiyo ni makisio, nayo yamebeba ngozi za watu waliotumika kuyaandaa.

Wazo la Takuo Aoyagi wa Japani, la mwaka 1974, ni la kijanja. Mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi na wa infraredi wa takriban 940 hupenyezwa kidoleni. Hemoglobini iliyokosa oksijeni hufyonza zaidi ule mwekundu. Iliyobeba oksijeni, zaidi infraredi. Ngozi na mfupa hufyonza pia, ila kwa kiwango kisichobadilika. Kinachopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo ni damu ya ateri. Chombo hutenga sehemu hiyo inayodunda, kisha hulinganisha mianga miwili. Kwa hesabu hii melanini, rangi ya ngozi, ambayo haidundi, ingepaswa kujifuta.

Haijifuti. Mwanga wa diodi, taa ndogo za chombo hicho, una utepe wa mawimbi, na melanini hufyonza zaidi yaliyo mafupi; mwekundu unaoifikia damu si ule uliotoka kwenye diodi. Tishu nazo huutawanya mwanga, na kanuni ya Beer na Lambert ya ufyonzaji wa mwanga, ambayo hesabu hii huitegemea, ikapwaya. Ndiyo maana watengenezaji huwavutisha watu wenye afya hewa yenye oksijeni pungufu, mpaka oksijeni ya damu yao ishuke karibu asilimia 70, kisha hupima damu yao ya ateri na kuilinganisha na usomaji wa chombo. Hapo fizikia huikabidhi sampuli kazi yake. Mwongozo wa 2013 wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ulipendekeza watu weusi 2 tu, au asilimia 15 ya washiriki, kutegemea ipi ni kubwa.

Onyo lilikuwapo tangu 1990, katika utafiti wa Jubran na Tobin. Mwaka 2020 Sjoding na wenzake wa Michigan walionyesha kwamba, oksimita iliposoma asilimia 92 hadi 96, damu ya ateri ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na 3.6 vya weupe.

Wapo wasemao tofauti ni ndogo. Kwa mgonjwa wa 98, sawa. Kwa mtoto mwenye nimonia anayesomeka 91, ilhali Shirika la Afya Duniani linaelekeza apewe oksijeni akiwa chini ya 90, pointi mbili ni matibabu yenyewe. Tena Michigan kosa lilionekana kwa sababu wagonjwa weupe walikuwapo wa kulinganishwa nao. Katika wodi ya Mwanza au Kisumu karibu kila kidole ni cheusi, na vituo vingi havina mashine ya kupima gesi za ateri: kosa linalowakumba wote halina wa kulishtaki. Kwa hiyo zabuni za vifaa zidai takwimu za usahihi kwa kila rangi ya ngozi, na mtoto wa 91 ahesabiwe pumzi, atazamwe kifua, kabla mama yake hajaambiwa amfunge mgongoni.