Kutia Mbari

Kubagua halikuzaliwa neno la shari. Mama wa kijiji cha Murungu aliyenyoosha miguu mkekani, ungo wa maharage mapajani, akitoa mawe na punje zilizotobolewa na wadudu, anafanya kazi ambayo kitenzi hiki kiliibeba zamani: kutenga, kuweka kando. Siku hizi atakwambia anachambua. Kubagua tumekuacha kwa ajili ya watu.

Tabu iko kwenye mkia. Ubaguzi wa nini? Ulimi unakimbilia kusema wa rangi. Rangi tuliipata kwa Waajemi, na miaka ya kupambana na Makaburu wa Afrika Kusini ikaufanya msemo huo uonekane umekamilika. Upeleke Kibondo, huku Kigoma, uone utakavyokwama. Waliovuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, na wengine tena 1993, hawakukimbizwa na watu wa rangi nyingine.

Basi tuseme ukabila? Hapa mwenye sikio la Kiswahili anasita. Kabila, japo asili yake ni Kiarabu, kwetu limezoea kutembea na ki- ya lugha: Muha na Kiha, Msukuma na Kisukuma. Sasa wachukue Wahutu na Watutsi wa Burundi na Rwanda: jaribu Kihutu, jaribu Kitutsi. Hakuna anayezungumza lugha hizo, maana wote wanasema Kirundi, au Kinyarwanda, na Muha wa Kasulu anaelewana nao bila mkalimani. Kabila lisilo na ki- yake ni kabila la namna gani?

Swali hilo liliwakalisha hata majaji. Mwaka 1998, pale Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ililazimika kulijibu katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Sheria inayokataza kuangamiza watu inalinda makundi ya kitaifa, ya kikabila, ya kimbari na ya kidini. Watutsi hawakuwa na lugha wala utamaduni wa peke yao. Miongoni mwa vitu walivyoviegemea majaji ni kitambulisho.

Kwenye kitambulisho hicho palikuwa na mstari ulioandikwa ubwoko, na hapo yamepangwa majina: Hutu, Tutsi, Twa. Karani alikata yasiyomhusu mtu, likabaki moja. Utaratibu wa vitambulisho waliuanzisha Wabelgiji miaka ya 1930. Lakini ubwoko lilikuwa neno la ukoo, na ukoo mmoja wa Rwanda huwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Kalamu ikalichukua neno lililowakusanya watu ikalitumia kuwatawanya. Kama lilikuwa kosa la istilahi, na si hila, sijui jingine lililogharimu damu nyingi hivyo.

Kiswahili nacho kimefanya jambo la kufanana, kwa nia njema. Mbari katika kamusi ni ukoo, watu wa babu mmoja. Tulipohitaji jina la yaliyotokea Rwanda mwaka 1994 tukalipandisha cheo: mauaji ya kimbari. Naupenda ukali wa msemo huo. Halaiki, ya mauaji ya halaiki, inahesabu maiti. Kimbari inasema kwa nini walichaguliwa hao. Ila una mtego. Anayesikia mbari anawaza damu, anadhani mbari zilikuwepo kwanza, ubaguzi ukazikuta.

Buha, nchi ya Waha, inashuhudia vingine. Huku nako walikuwepo Watutsi wenye ng'ombe na utawala, na Waha wenye majembe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi hii iliangukia kwa Waingereza, majirani wakabaki kwa Wabelgiji. Huku hakuna karani aliyekata majina mstarini, uchifu nao ukafutwa mapema baada ya uhuru, na jambo likapoa.

Ndiyo maana napendekeza kitenzi kitangulie nomino: kutia mbari. Tunasema kutia doa, kutia hofu. Anayetiwa hakuwa nacho. Ukisema ukabila unamtazama aliyeandikwa. Ukisema kutia mbari unamtazama karani.

Wako wanaobisha kwamba ubaguzi ni moyo mbaya tu, kwa hiyo hata mnyonge ni mbaguzi akimchukia bwana wake. Kwa hilo tunalo neno chuki, na linatosha. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inapoeleza maana ya kubagua haichungulii moyoni: inazungumzia watu kufanywa duni na kuwekewa vikwazo huku wengine wakipewa nafasi. Hiyo ni kazi ya mshika mpini. Katika orodha yake rangi imo, kabila limo, lakini mtu wa Kigoma jicho lake litatua kwenye mahali mtu alikotokea. Muha akifika mbali na kwao, lafudhi yake husikika kama ya Mrundi, na uraia wake huanza kuulizwa. Huo nauita ubaguzi wa chimbuko, na nashangaa haujapata jina mapema.

Anayelipwa kuzitenganisha nyuzi hizi ni mtu wa sosholojia, neno ambalo mzazi akilisikia swali lake la pili ni la ajira. Kwa maana hiyohiyo elimujamii lipo na linaeleweka, ingawa limebanwa kati ya Maarifa ya Jamii tuliyoyasoma shule ya msingi na ustawi wa jamii wa halmashauri. Isimujamii tulilipokea bila ubishi. Sioni kwa nini hili linyimwe kiti.

Na faida yake? Liisa Malkki, mwanaanthropolojia, jirani wa fani hiyo, aliishi na wakimbizi wa 1972 katikati ya miaka ya 1980, wa makazi ya Mishamo na wa Kigoma mjini. Mishamo Uhutu ulikuwa umekolea, umekuwa historia nzima ya taifa lililopotea. Mjini watu walijichanganya, wakaoana na wenyeji, wakajiita kwa majina mengine. Anayepanga maisha ya kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu akilijua hilo, anajua kwamba kambi yenyewe yaweza kutia mbari.

Elimujamii, basi, nalipigia kura. Mwenye fani ndiye aliyenishinda. Mwanaelimujamii linakata pumzi, na mwanajamii ni jirani yeyote wa nyumba ya pili. Mwenye neno fupi alilete.