Mkono wa Mkandaji na Sheria ya 1930

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: mkandaji wa masaji hapa Arusha, asiyemchukia mtu yeyote, aweza kumbagua mteja shoga? Aweza, nami nadhani historia ndiyo inayoeleza namna.

Kanuni ya Adhabu ililetwa Tanganyika na Waingereza mwaka 1930. Kifungu chake cha 154 ndicho kilichoharamisha mapenzi ya wanaume wawili, na mwaka 1998 Bunge likapandisha adhabu hadi kifungo cha maisha. Leo wengi hukiita mila yetu! Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilifunga vituo vilivyowahudumia watu hao dhidi ya UKIMWI. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam akatangaza kikosi cha kuwasaka. Serikali ikajibu kwamba hayo ni maoni yake binafsi. Lakini hofu ilikwisha kusambaa.

Hofu hiyo huingia mkononi bila kupiga hodi. Mkandaji husikia sauti nyororo ya mwanamume, akadhani amefuata jingine. Hufupisha muda, huruka nyonga na mapaja, huacha mlango wazi, ilhali mteja ameumia kiuno akishuka Mlima Meru. Hakuna tusi lililotamkwa, na mkandaji hatakumbuka kwamba alibadili chochote. Haya hutokea katika mji uliotoa Azimio la 1967, lililokiri usawa wa binadamu wote.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni kumtazama mteja aliyetangulia. Huyu ameulizwa kama ameoa. Yule aliulizwa panapouma.