Mgongo wa Mtoto Anayekua

Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Watu wa Baraka, wanaoanika ndagala kando ya ziwa, hawana haja ya kufafanuliwa maneno hayo. Lakini mgongo wa mtoto waweza kujipinda wenyewe ungali mbichi, pasipo mtu kuukunja. Twataka kueleza hapa jinsi waganga walivyojifunza kuuangalia mgongo wa namna hiyo, maana katika ugonjwa huu kuangalia vizuri ndiyo kazi ya kwanza.

Ugonjwa huu huitwa skoliosisi, neno lililotoka kwa Wayunani. Uti wa mgongo huelekea upande na kujizungusha kidogo, hata mbavu za upande mmoja zikatokeza nyuma. Watoto wengine huzaliwa nao, wengine huupata baada ya kupooza kwa polio. Lakini walio wengi walikuwa wazima kabisa. Ulianza walipokaribia kubalehe, na chanzo chake hakijulikani. Basi tuseme wazi: haijathibitishwa kwamba bidoni ya maji au kikapu cha mihogo ndicho kinacholeta ugonjwa huu. Wala si laana, wala mama hakukosa kitu. Katika watoto 100, wawili au watatu huwa na upinde wa digrii 10 au zaidi, na wengi wao hawatapata taabu kubwa. Swali gumu ni hili: ni yupi ambaye upinde wake utazidi?

Waganga wa kale hawakuuliza swali hilo. Walitaka kunyosha tu. Wayunani wa zamani za Hippokrates walimvuta mgonjwa kwa kamba. Katika karne ya 16 Mfaransa Ambroise Paré aliwavika wagonjwa fulana za chuma. Mwaka 1741 mwenzake Nicolas Andry alitoa kitabu kuhusu kunyosha viungo vya watoto, na ndani yake mna picha ya mti mchanga uliopinda, umefungwa kwenye kigingi. Nia yao ilikuwa njema. Lakini hawakuweza kuuona mfupa wenyewe, wala kujua kwa hakika kama mwaka huu umepinda kuliko mwaka jana.

Hatua kubwa ilitokana na maiti ya mganga. Gideon Mantell, Mwingereza aliyejulikana kwa kuchimbua mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, alipata ajali ya gari la farasi mwaka 1841, akateseka mgongo miaka mingi. Waganga wenziwe walidhani ana uvimbe karibu na uti. Alipokufa mwaka 1852 walimpasua, wakaona kwamba hapakuwa na uvimbe: ule uliodhaniwa uvimbe ulikuwa mifupa ya mgongo iliyojipinda na kujizungusha. Daktari William Adams alijifunza jambo hilo, na katika kitabu chake cha mwaka 1865 akafundisha kwamba mgonjwa aangaliwe akiwa ameinama, kwa kuwa hapo mzunguko wa uti huonekana. Kipimo hicho hakina gharama, nacho chatumika hata leo duniani kote.

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miali inayopenya mwilini, na mfupa ukaweza kuonekana mtu akiwa hai. Mwaka 1948 John Cobb wa New York alionyesha namna ya kuchora mistari juu ya picha hiyo na kuupima upinde kwa digrii. Mwaka 1958 Joseph Risser akaonyesha kwamba mfupa wa nyonga, katika picha hiyo hiyo, hueleza kama mtoto bado ana safari ndefu ya kukua au amekaribia kumaliza.

Faida ya vipimo hivyo viwili ilionekana mwaka 1984, Lonstein na Carlson wa Marekani walipotangaza habari za watoto 727 ambao hawakutibiwa bali waliangaliwa tu. Kati ya wale wenye upinde wa digrii 20 hadi 29, waliokuwa bado wadogo wa mifupa walizidi 68 katika 100. Waliokwisha kukomaa zaidi walizidi 23 tu katika 100. Upinde ni ule ule, hatari ni mbalimbali. Kwa hiyo mzazi asiulize tu, “Digrii ngapi?” Aulize pia, “Bado anakua kiasi gani?”

Picha nazo zina madhara zikizidi. Mwaka 2000 wachunguzi walitoa habari za wanawake zaidi ya 5,000 wa Marekani waliopigwa picha nyingi za mgongo tangu utoto. Waliokufa kwa saratani ya ziwa walikuwa wengi kuliko ilivyotazamiwa. Kwa hiyo jicho litangulie, picha ifuate inapohitajika. Na mwaka 2013 ilithibitishwa kwamba mshipi mgumu wa kubana kiwiliwili huzuia upinde usizidi: waliouvaa, 72 katika 100 walimaliza kukua bila kufikia digrii 50, wasiouvaa, 48 tu. Lakini mshipi husaidia mtoto akiwa bado anakua. Akiisha kukomaa, saa yake imepita.

Na sisi wa Fizi je? Kuangalia kwataka jicho lile lile, au karatasi ile ile, mwaka baada ya mwaka. Ng'ambo ya ziwa, kule Karema, Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akasomea uganga Malta, alifika mwaka 1889 akahudumu mpaka kufa kwake mwaka 1956. Mganga aliyekaa mahali pamoja miaka 67 aliwaona watoto wakawa mababu. Lakini nchi yetu haikupewa utulivu huo. Vita vya 1964 viliwatawanya watu milimani. Vya 1996 viliwavusha wengi mpaka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Mtu akikimbia usiku hubeba mtoto na sufuria. Karatasi ya hospitali hubaki. Na kipimo kilichopotea ni kama hakikupimwa, maana hakuna cha kulinganisha nacho.

Kwa hiyo mzazi na mwalimu wawe walinzi wa kwanza. Tangu mtoto afikapo miaka 10, kila baada ya miezi michache, asimame bila shati, binti na mama yake faraghani. Tazameni kama bega moja limepanda au kiuno kimekaa upande. Kisha aungane miguu, magoti yanyoke, viganja vikutane, ainame polepole. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwingine, mpelekeni kwa daktari. Andikeni tarehe, urefu wake, na digrii alizotaja daktari. Anapokua kwa haraka huonwa tena kila miezi 4 hadi 6. Badiliko la chini ya digrii 5 laweza kuwa kosa la kupima. Likifika 5 au zaidi, lisidharauliwe. Binti aangaliwe zaidi, kwa kuwa upinde mkubwa huwapata wasichana kuliko wavulana.

Lakini mtoto mwenye nundu kali katikati ya mgongo, pamoja na homa na kukonda, au maumivu ya usiku, au miguu inayolegea, huyo asingojwe hata wiki. Huenda ni kifua kikuu cha mifupa, nacho kina dawa.

Andikeni hayo katika daftari dogo, mlifunge katika mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya ubatizo na karatasi za shule, ili siku ya kuondoka lisibaki nyuma. Kwa daftari hilo daktari wa Uvira, wa Bukavu au wa Kigoma ataweza kujua, siku ile ile anapomwona mtoto kwa mara ya kwanza, kama mgongo umetulia au unakimbia.